Seize, Saizi na Goti la Mama

Haya, nyie mnaonisimamisha kila siku pale sokoni mkitaka kujua ilikuwaje hadi nikampandisha mama mlimani kwa tairi zile za kutisha, kaeni. Nasimulia mara moja tu. Atakayeniuliza tena ataninunulia chai na maandazi kwanza. Mambo ya karatasi na vizuizi vya barabarani nayaruka, maana kila mtu wa Uvira anayajua hadi yamemchosha. Na msianze kucheka mapema. Minye, yaani mimi, niliipeleka ile jeep juu nikairudisha, bila tairi kupasuka na bila mtu kuteguka, na sijaona bado mwanaume wa mji huu ambaye angefanya vizuri zaidi.

Uvira, kwenye karakana

Mama yangu, Faida, ana dada yake mkubwa anayeishi juu milimani, mbele ya Lemera, kule tulikotoka. Sisi watoto tunamwita Mama Mukubwa. Macho yake yamekwisha, haoni hata mwanga wa mchana. Tangu mama avunjike nyonga hakuweza tena kupanda kwenda kumwona, kwa hiyo wakawa wanaongea kwa simu tu.

Sasa, mama yangu mnamjua. Mdomo wake unasikika toka nyumbani hadi ziwani. Lakini mpe simu! Sauti inakuwa nyembamba, anakaa wima, anaanza: "Tunamushukuru Mungu, tuko salama, musalimie ndugu wote." Utafikiri anasoma tangazo kanisani. Polepole Mama Mukubwa akaanza kusema kwamba yule wa kwenye simu si mdogo wake. Mdogo wake hajawahi kuwa na adabu namna ile. Mwisho akakata shauri kwamba Faida alishakufa, nasi tunamficha kwa kumwekea mwanamke mwingine kwenye simu.

Tulicheka, nasema ukweli. Kisha binamu yangu Bora, anayemtunza kule juu, akanipigia, na yeye hakuwa anacheka. Mama Mukubwa alikuwa amenyoa nywele. Ameacha kitanda, analala kwenye mkeka kama mfiwa, na sahani ya chakula anaisukuma.

"Riziki, anamulilia muntu mwenye iko hai," Bora aliniambia. "Kama hamumuleti amuguse kwa mikono, tutamuzika."

Mama alikuwa amekaa karibu, akasikia yote. Akasema neno moja tu: "Twende." Pikipiki haiwezekani kwa nyonga ile. Nikamwambia vijana wanaweza kumbeba kwenye machela toka chini ya mlima. Akanikazia macho.

"Nifike kwa dada yangu nimelala mu machela? Si ndiyo atajua kabisa nimekufa?"

Basi ikabaki jeep yangu, ile ya zamani niliyoinyanyua kwa kuongeza vyuma vya springi ili tumbo lisigonge mawe. Tairi zake zilikuwa zimekwisha, laini kama kandambili. Fundi wangu, Papa Shabani, alikuwa na hamu kubwa ya kunichagulia mpya. Akanieleza vizuri, maana kazi yake anaijua. Kwa janti zangu, yaani rimu, kuna tairi nyembamba za vimo vitatu: fupi, ya katikati, na ndefu ile ya malori madogo. Zote ni seize, tunatamka sezi, yaani kumi na sita ya Kifaransa, kwa sababu hicho ni kipimo cha rimu, na rimu haibadiliki. Mimi na yeye tulikubaliana juu ya wembamba. Tairi pana ni nzuri kwa kupigia picha, lakini kwenye tope la mlimani inaelea juu na kuteleza, wakati nyembamba inakata tope hadi ikutane na ardhi ngumu.

Tulichobishania ni kimo.

"Mama Neema, ulishainyanyua jeep. Nafasi iko. Weka ile ndefu, utapita juu ya mawe kama hayako," alisema, akiniita kwa jina la binti yangu.

"Na mama atapandaje?"

Nikamwita mama, nikamsimamisha kando ya mlango. Nikapima kwa kamba toka chini hadi gotini kwake, kisha hadi pale anapoweza kuinua mguu bila kukunja uso. Papa Shabani akashangaa. Maisha yake yote alikuwa anapima tairi kwa nafasi iliyo chini ya bodi.

"Leo tunapima kwa goti," nikamwambia. "Na goti linasema fupi."

Nilikuwa na haki kabisa, na bado ninayo. Kilichoniangusha ni simu.

Nilimpigia muuzaji wa Kigoma, anayetuma mizigo kwa boti. Nikamweleza aina ya jeep, akasema anaijua. Pale ufukweni nilipokuwa kulikuwa na kelele za wavuvi wa ndagala, dagaa wetu, nikaziba sikio moja.

"Unataka saizi gani, mama?"

Mimi nikasikia seize. Nikajibu kwa nguvu: "Seize!"

"Aa, sawa. Zilizopo ni kubwa."

Nikafikiri, bila shaka kubwa, seize ni kubwa kuliko kumi na tano. "Hakuna shida," nikasema, "mradi ni seize!"

"Basi zinaondoka leo."

Nikakata simu nikijisifu jinsi ninavyojua biashara. Siku hiyohiyo tairi za zamani nikampa yule jirani anayeshona viatu vya mpira, akazikatakata papo hapo.

Boti ilipofika, loo! Tairi zilinifika kiunoni. Nikampigia yule bwana nikiwa nawaka moto. Akashangaa kwa dhati.

"Mama, nilikuuliza saizi gani, ukaniambia saizi. Nikajua unazitaka sasa hivi. Nikakwambia zilizopo ni kubwa, ukasema hakuna shida, mradi ni saizi. Mimi nikasema huyu mama ana haraka kweli."

Ningemgombeza vipi? Kwao saizi ni kipimo, na tena saizi ni sasa hivi. Kwetu seize ni seize. Tulikuwa tumesikilizana vizuri sana, kila mtu na lake. Boti ilishageuza, Bora alikuwa amepiga tena kusema Mama Mukubwa sasa anakunywa maji tu, na tairi zangu za zamani zilikuwa tayari zinatembea miguuni mwa watu. Nikamwambia Papa Shabani azifunge hizo ndefu. Akazifunga akijaribu kuficha meno.

Kutoka nyumbani hadi Runingu

Papa Shabani ni mtu mwema. Asubuhi alikuja na kitu cha mama kukanyagia: kreti ya bia, ngumu, nzuri, imegeuzwa chini juu. Mama akaiangalia kama nyoka.

"Hii ni nini?"

"Ngazi, koko," Papa Shabani akamjibu kwa heshima, kama mtu anavyomwita bibi.

"Hii ni pombe. Minye nimebatizwa mu maji mengi, mbele ya batu bote. Muguu yangu haitakanyaga pombe."

"Iko tupu, koko!"

"Hata harufu yake."

Nikajua hapo hakuna mjadala. Nikairudisha jeep nyuma hadi ubavu wake ukabusu baraza ya nyumba, na baraza ikawa sawasawa na sakafu ya gari. Mama akavuka toka nyumbani kwake hadi kwenye kiti kama anaingia chumba kingine, kanga yake imetulia, mkoba wa mikeke ya kukaanga, samaki wetu wa ziwani, mapajani. Kreti niliitupa nyuma chini ya turubai bila kumwambia.

Mara tu tulipotoka mjini nikajifunza mawili kuhusu tairi ndefu. Kwanza, mshale wa mwendo unadanganya: unaonyesha polepole wakati miti inakimbia. Pili, ukikata kona sana, mpira unakwaruza bodi, krrrr.

"Kuna mbuzi chini," mama alisema.

"Ni tairi, mama."

"Tairi gani inalia? Simamisha, umeua mbuzi ya batu."

Nilisimama, nikatazama, nikamwapia hakuna mbuzi. Kona iliyofuata, krrrr. "Na hii ya pili?" akauliza.

Tulipofika Runingu, mama akataka kushuka kujisaidia. Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa shida yangu. Toka mlangoni hadi chini palikuwa mbali, na baraza hakuna, ni mashamba tu pande zote. Nikaanza kutafuta kilima. Nilienda mbele, nikarudi, nikaingia njia ya shamba, hadi nikaona ukingo wa mfereji wa mpunga umeinuka vizuri. Mwenye shamba, baba mmoja mwenye rozari shingoni, akaja mbio na jembe akidhani nimekuja kumharibia mfereji. Akaongea Kirundi haraka haraka. Nikamjibu "amahoro, amahoro," yaani amani, neno pekee la Kirundi lililonijia, nikimwonyesha goti la mama kwa mikono. Naye akafikiri nasema mama amepigwa gotini, akaanza kutafuta aliyempiga.

Mama mwenyewe akatoa kichwa dirishani, akamweleza kwa Kirundi safi, sijui alikificha wapi miaka yote. Yule baba akacheka hadi akakaa chini. Kisha akachimba, akajaza udongo, akaukanyagakanyaga kwa miguu yake hadi ukingo ukalingana na mlango wangu. Tulipomaliza akatupa mahindi mabichi ya kuchoma. Tulipoteza asubuhi nzima pale, na mama akashuka na kupanda kama malkia.

Kiringye

Toka hapo nikawa dereva wa kutafuta vilima. Tulipofika Nyakabere nilimshusha mama juu ya lundo la mchanga wa watu waliokuwa wanajenga, kwa ruhusa yao. Kiringye nikapata bahati: nyuma ya mgahawa mmoja kulikuwa na ukuta mfupi wa mawe.

Tulikula ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyotiwa mawese, na ndagala zenye pilipili. Mama alikula vizuri, lakini katikati akaacha mkono hewani.

"Na yeye hakuli," alisema.

Kucheka njia nzima kulikuwa kumenisahaulisha kidogo. Nikamwona mama akizungusha tonge sahanini, mtu mgomvi kuliko wote ninaowajua, machozi yanamtoka bila sauti. Iliniuma sana. Nikamwambia amalize chakula, kwa sababu marehemu akifika amekonda atamthibitishia dada yake. Akanipiga kofi la bega, akala.

Mlimani

Kutoka Kiringye barabara inageuka kuupanda mlima, na mvua ilikuwa imenyesha. Nawaambia, hapo ndipo tairi zangu zilipojua kwa nini zilizaliwa. Kwenye bonde la kwanza la tope tulikuta jeep nyingine, inang'aa, ina tairi pana, imekaa imelala upande. Dereva wake alikuwa amesimama na viatu mkononi.

"Mama, usijaribu," akaniambia. "Hizo tairi zako nyembamba zitazama."

"Ndiyo kazi yake," nikamwambia, "kuzama hadi zipate pa kukanyaga."

Nikaweka gia ya chini kabisa, sikukimbia, sikusimama. Tairi zikala tope, zikashika chini, zikatoka upande wa pili zikiwa nyekundu hadi katikati. Nikarudi na kamba nikamvuta naye. Akanisalimia kwa heshima mpya, na mama akamshauri anunue tairi za watu wazima.

Lakini msidhani nilikuwa nacheza tu. Kule juu kona ni kali, na kwa sababu mpira unagusa bodi, sikuweza kukata usukani wote. Kila kona ilikuwa ya mara mbili: napanda hadi pua inaning'inia juu ya bonde, narudi nyuma kidogo, napanda tena. Kwenye kurudi nyuma hapo, na injini inayohema kwa uzito wa magurudumu makubwa, breki tu ndiyo ilikuwa kati yetu na bonde. Mama alifumba macho akaimba wimbo wa kanisani, beti zote, kisha akaanza upya.

Mchungaji mmoja wa ng'ombe alituona akaacha mifugo yake. Bila kuitwa, akatembea nasi kona baada ya kona, akiweka jiwe nyuma ya tairi kila niliposimama. Tulipofika kwenye tambarare akatupa maziwa ya kuganda kwenye kibuyu, tukanywa humohumo garini.

"Munaenda kwa yule koko kipofu?" aliuliza. "Mwenye kumulilia mudogo wake? Poleni sana. Munamuhusu vipi marehemu?"

Mama akafuta maziwa mdomoni.

"Minye ndiye marehemu."

Yule bwana alirudi nyuma hatua nzima. Kisha akatazama goti, mkoba, na uso wa mama uliokunjamana, akasema: "Basi mukaze mwendo. Juzi nilipita pale, hali si nzuri."

Uani kwa Mama Mukubwa

Tulifika jua likiwa bado juu. Uani kulikuwa na watu wamekaa kwenye viti vya kukopa, wanawake wamefunga vitenge kiunoni, kimya kile cha msiba. Bora alikuja mbio akaushika mlango wa gari, akalia. Mama Mukubwa alikuwa ndani, mkekani, nyuma ya ukuta wa udongo. Tuliweza kusikia akikohoa.

Mama akajiweka sawa. Akasafisha koo. Na mimi nikajua papo hapo kosa analotaka kufanya, nikachelewa kumzuia. Kwa sababu ya watu wote wale, alitoa kichwa dirishani na kumwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa ile sauti yake ya tangazo:

"Yaya, ni minye Faida. Tunamushukuru Mungu, tumefika salama."

Ndani kikohozi kikanyamaza. Kisha sauti dhaifu, imechoka kabisa:

"Bora, zima hiyo simu."

Watu wakainamisha vichwa. Mama alibaki dirishani mdomo wazi.

"Nishushe," akanong'ona. "Nishushe haraka nimuguse."

Nikaangalia uani. Tambarare kama meza. Nyumba haina baraza, mfereji hakuna, hata kichuguu hakuna. Vile viti vya kukopa vilikuwa na miguu ya kuyumba. Nikaenda nyuma, nikafunua turubai, nikatoa ile kreti, nikaiweka chini ya mlango nikitumaini macho yake yako kwa dada yake tu. Mimi na Bora tukamshika makwapa. Akateremsha mguu, akautafuta, akaukanyaga, kreti ikayumba. Akatazama chini.

Jamani! Ng'ombe wa upande wa pili wa kilima waliinua vichwa.

"Riziki! Mutoto mubaya weye! Unanishusha ku pombe mbele ya Wakristo? Na hii tairi ulinunua ya gari ao ya tembo? Ulipima goti! Goti! Unataka nife kweli? Bora na weye, shika mukono, si titi! Mbona batu banaangalia tu, hamujaona mukongwe?"

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamegeukia mlangoni, kwa sababu ndani kulisikika kitu kinakwaruza ukuta. Ilikuwa fimbo. Mama Mukubwa akatokea, kichwa kimenyolewa, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine umetangulia mbele. Alikuwa amekonda hadi kitenge kinamzunguka mara mbili.

"Nani anakanyaga pombe mu lupango, mu uwanja yangu?" aliuliza.

Mama, bado mguu mmoja kwenye kreti, akamgeukia na hasira yake yote: "Weye! Weye muzee wa bichwa ngumu! Unanililia na minye niko nakula ugali?"

Fimbo ikaanguka. Mama Mukubwa alikuja moja kwa moja, bila kushikwa, akiifuata ile kelele, hadi mikono yake ikafika usoni kwa mama. Akapapasa mdomo kwanza.

"Huu mudomo," alisema. "Huu mudomo ulikuwa wapi siku zote?"

"Mu simu batu banasikia, yaya. Niliona haya."

"Adabu yako karibu iniue."

Mama akateremka, wakakumbatiana, nami nikakaa pale pale kwenye kreti nikalia bila kujificha. Baadaye Mama Mukubwa aliomba ugali. Wafiwa wote wakala mikeke yetu, na mtu mmoja akauliza kama viti vya kukopa virudishwe.

Kurudi

Kuteremka kulikuwa kama kupanda, ila na breki zaidi. Yule baba wa Runingu alikuwa ameuacha ule ukingo vilevile, tusije tukarudi tukakosa pa kukanyaga. Tulimwachia jibini tuliyopewa mlimani.

Papa Shabani ameniuliza kama atafute sasa zile fupi. Nimemwambia aache. Kreti iko nyuma, chini ya turubai, na mama anajua iko pale, na hasemi kitu.

Simu bado wanapigiana. Ila mama haanzi tena na kumshukuru Mungu. Jana nilimsikia toka jikoni, ameshika simu kwa mikono miwili, spika imewashwa, anapaza kwa sauti ile ya kushukia jeep: "Weye muzee wa bichwa ngumu, umeamuka?" Nikamsikia Mama Mukubwa, mbali sana, anawaambia watu wa nyumba yake:

"Iko hai."